Siku Ulimi wa Taifa Ulipoona Kiu

Ipo nchi moja, si mbali sana na ya kwako, ambayo serikali yake inawapenda raia mpaka mdomoni. Jina lake silitaji kwa kuwa kwa sasa liko mbele ya kamati, na kamati haijaamua kama nchi ile inastahili kuendelea kulitumia.

Katika nchi hiyo mvinyo hunywewa na kila mtu, ila ladha hugawiwa kwa vyeo. Jambo hili limepangwa vizuri sana katika Kitabu cha Kanuni za Kuonja, kurasa mia nne na kumi, jalada jekundu. Mtukufu Rais ana haki ya kusikia ladha ishirini na moja katika glasi moja. Waziri husikia kumi na mbili, mkuu wa mkoa saba, mwalimu mkuu tatu, na karani wa posta moja, tena iwe ya tunda linalopatikana nchini. Raia wa kawaida hasikii kitu. Akishakunywa anaruhusiwa kusema "nimeburudika", akafuta mdomo, akaenda zake. Tena hakuna ruhusa ya kutaja ladha kabla mkubwa wako hajazitaja zake. Anayethubutu ametenda kosa la Kutangulia Ladha, na adhabu yake ni kuosha chupa katika Kiwanda cha Taifa cha Chupa mpaka ulimi wake utulie.

Mwandishi wa kitabu hicho alikuwa Daktari Anania Lubida, Mwonjaji Mkuu, ambaye magazeti yalimwita Ulimi wa Taifa. Udaktari aliupata katika chuo kimoja cha ng'ambo ambacho alikiandikia barua nzuri mno. Ulimi wake ulikuwa na dereva, walinzi wawili na mwavuli. Mwaka aliojiuma akitafuna mahindi ya kuchoma, bendera zilipepea nusu mlingoti kwa siku tatu, na muuza mahindi yule hajulikani alipo hadi leo.

Huyu ndiye mtu ambaye Perusi Chilongani alikuwa anamwoshea glasi.

*

Ili ujue Perusi alifikaje kwenye sinki la Taasisi ya Kuonja, lazima nikurudishe nyuma miaka sita, kijijini Ikombwe, kwenye udongo mwekundu unaopasuka kwa jua.

Perusi na mumewe Elifasi walikuwa na shamba la zabibu lisilozidi nusu eka, na kwa zabibu hizo walitengeneza mvinyo mweupe mkavu. Haukuwa mvinyo wa kuuzungumzia sana. Ulikuwa mwepesi, na uchachu wake uliamsha ulimi kama mtu aliyenawa uso asubuhi. Bei yake ilikuwa sawa na sahani ya wali kwa maharage. Kiangazi kilipofika, jua likawa la kukausha mate, wafyatua matofali na kina mama waliotoka sokoni walipita kwa Elifasi wakapewa kikombe kilichotoka kwenye chupa zilizoviringishwa gunia bichi na kutundikwa upepo ulipopita. Hawakuhitaji barafu. Mtu alikunywa, akafumba macho kidogo, akasema kwamba ameburudika, kama sheria inavyotaka.

Siku moja Daktari Lubida alipita Ikombwe na magari kumi na moja. Alikuwa kwenye ziara ya kusikiliza wananchi, na alikuwa amechoka kusikiliza. Akaletewa glasi. Kabla ya kuinusa aliuliza bei. Alipotajiwa, alikunja uso, akawaeleza waandishi wa habari kwamba kwa bei ile mvinyo huo hauwezi kuwa na ladha hata ukitaka. Ladha, alisema, ni kitu kinachojiheshimu, hakiingii kwenye chupa ya mtu wa malapa. Hata hivyo wapiga picha waliomba anywe, naye akanywa, akabaki ameshikilia glasi, midomo ameibana, akitafuta neno la kusema.

Elifasi alikuwa mtu mkarimu, na ukarimu ndio uliomponza. Alimwona mgeni wake amekwama akadhani ni heshima kumsaidia. Akasema kwa upole, "Mheshimiwa, mwanzoni utasikia ndimu. Ukishameza, inabaki embe bichi yenye chumvi."

Walimchukua akiwa bado ameshika chupa. Mizabibu iling'olewa wiki ile ile, na pale shambani serikali ikapanda maua ya plastiki ambayo humwagiliwa kila Jumatatu. Elifasi aliosha chupa kwa maji ya magadi miezi kumi na minne, kifua kikamkaba, akafa. Barua iliyomfikia Perusi ilikuwa na mhuri mzuri wa bluu na mstari mmoja: ulimi wa mumeo umetulia.

Perusi aliisoma barua hiyo mara nyingi. Hakulia mbele ya mtu. Kabla ya mizabibu kung'olewa alikuwa ameiba vipande vinne vya matawi yake mwenyewe, akavipanda nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayekanyaga kwa hiari yake. Vikashika. Kisha akafunga kitenge chake vizuri, akaenda mjini, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kuomba kazi ya kuosha glasi kwa Daktari Lubida. Mchungaji wa mtaa alimsifu kanisani kwamba mwanamke huyu ndiye kielelezo cha kusamehe. Perusi aliinamisha kichwa, watu wakasema ni unyenyekevu. Alikuwa anamchukia Daktari kwa nguvu zake zote, na alihitaji kazi ya karibu.

*

Sinki la Taasisi lilikuwa kwenye chumba kilekile kilichotunza Kitabu cha Kanuni, kwa sababu vyote viwili havikuwa na mtu wa kuvitazama. Perusi alikisoma akikausha glasi. Alikisoma chote, mara tatu. Ninavyojua mimi, hakuna mtu mwingine katika nchi ile aliyewahi kufika ukurasa wa hamsini, hata aliyekiandika.

Humo alikuta mambo ya ajabu. Kifungu cha sitini na moja kilipiga marufuku maji ya kunywa ndani ya hatua mia tatu kutoka glasi ya taifa, kwa kuwa maji hupotosha ulimi. Kifungu cha themanini na nane kilimtaka Mwonjaji Mkuu avae joho lote la cheo, la mahameli nyekundu lenye bitana ya ngozi ya kondoo, lifungwe mpaka kidevuni. Kifungu cha mia na kumi na mbili kilimtaka akae mezani na glasi iliyojaa tangu saa sita mchana, bila kuigusa, mpaka Mtukufu afike, ili mvinyo uzoee heshima. Glasi ikipata joto, imwagwe mbele yake, imiminwe nyingine kutoka chupa mpya. Na kipaza sauti kiwe wazi muda wote, ili taifa lisikie ukimya wake.

Mambo haya yote Daktari aliyaandika akiwa bado kijana anayetafuta cheo, akayasahau alipokipata. Kila mwaka alivaa joho jepesi la hariri, na chini ya meza paliwekwa birika la maji.

Mwaka wa sita ikatangazwa kwamba katika Siku ya Kuonja, Daktari Lubida ataapishwa kuwa Ulimi wa Maisha. Akishakula kiapo hicho hakuna sheria itakayomgusa tena, hata akiua mtu hadharani. Perusi alisikia tangazo redioni akiwa na glasi mkononi. Akaiweka chini taratibu isivunjike. Alijua kuwa siku hiyo ikipita, Elifasi amekwenda bure.

Ndipo akafanya jambo ambalo katika nchi ile halijawahi kushukiwa kuwa uasi. Alipendekeza kanuni zifuatwe.

Alikwenda kwa Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Zefania Mkunde, mtu aliyeogopa lawama kuliko alivyoogopa chui. Akamwambia kwa adabu kwamba kwa kuwa siku yenyewe ni ya kihistoria, na mabalozi watakuwepo, itakuwa aibu kubwa balozi mmoja akifungua Kitabu na kukuta kifungu kimerukwa. Itaulizwa ni nani aliyekiruka. Bwana Mkunde alitoka jasho, akachukua kalamu nyekundu, akapigia mstari vifungu vyote alivyoonyeshwa. Daktari alipoletewa karatasi aitie saini, alisoma kichwa cha habari tu, "Utekelezaji Kamili wa Fikra za Mwonjaji Mkuu", akaguswa sana. Aliuliza wazo hilo ni la nani. Alipoambiwa ni la yule mama wa glasi, akasema nchi ingekuwa na wanawake kumi wenye nidhamu kama ile ingefika mbali.

Likabaki suala la mvinyo. Kanuni zilitaka mwaka huo uonjwe mvinyo mweupe, mkavu, wa bei nafuu, wa kuburudisha mwananchi wakati wa kiangazi. Tangazo lilitolewa miezi miwili, asijitokeze mtu, kwa kuwa wote waliojua kuutengeneza walikuwa wanaosha chupa. Siku ya mwisho zikapokelewa chupa tisa kutoka Kikundi cha Akina Mama Wanyenyekevu. Kikundi kilikuwa na mwanachama mmoja. Kamati iliupitisha bila kuuonja, kwani hakuna aliyekuwa na cheo cha kumtangulia Daktari.

*

Siku ya Kuonja jua lilitoka na hasira. Uwanja ulijaa watu wenye kofia za karatasi zilizogawiwa na chama. Mabalozi walikaa chini ya turubai. Daktari Lubida alikaa peke yake katikati ya uwanja, mezani, mahali pa jua, kwa kuwa kifungu cha tisini kilisema ulimi wa taifa usifichwe. Joho la mahameli lilifungwa mpaka kidevuni. Mbele yake palikuwa na glasi moja ya mvinyo, nyembamba, ikitoka jasho kwa ubaridi.

Perusi alisimama kando yake na kikapu cha chupa nane zilizoviringishwa gunia bichi. Ya kwanza ilishakuwa kwenye glasi.

Mtukufu alitakiwa kufika saa saba. Saa saba redio ilitangaza kwamba yuko njiani, na kwamba kwa mapenzi yake kwa maendeleo atazindua upya kila daraja atakalopita. Kutoka ikulu hadi uwanjani kulikuwa na madaraja kumi na manne.

Saa saba u nusu Perusi aligusa glasi, akaona imeanza kupoteza ubaridi. Akaiinua, akaimwaga vumbini mbele ya miguu ya Daktari. Ardhi iliifyonza kwa sauti ndogo. Harufu ikapanda. Akamimina nyingine, taratibu, karibu na sikio lake.

Saa nane alimwaga tena. Mashavu ya Daktari yalikuwa yamefanana na joho. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akanong'ona bila kumtazama kwamba aletewe maji.

"Kifungu cha sitini na moja, Mheshimiwa," Perusi alimjibu.

"Nani aliyeandika upuuzi huo?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Daktari akasema basi afunguliwe kifungo kimoja tu cha shingoni. Perusi alimtajia kifungu cha themanini na nane kwa sauti ya upole kabisa, sauti ambayo Elifasi alikuwa anaitumia kwa wageni. Ilimpa raha ambayo hakuitegemea. Alijionea aibu kidogo, halafu akaacha kujionea aibu.

Alimwaga chupa ya tatu na ya nne. Kila chupa ilikuwa imemgharimu asubuhi nyingi za kuinama nyuma ya choo akichuma zabibu huku nzi wakimzonga. Saa tisa alimwaga ya tano, ya sita na ya saba, kwa sababu jua lilikuwa limekuwa kali kiasi kwamba glasi ilipata joto hata kabla hajaifikisha mezani. Daktari alikuwa anatazama vumbi lililolowa kwa macho ya mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Midomo ilikuwa imepasuka. Lakini hakunywa. Ilimbidi Perusi akiri moyoni kwamba tamaa ya cheo ni kitu kigumu kuliko alivyodhani.

Alibakiwa na chupa moja tu. Mbali, upande wa barabara kuu, ving'ora vilianza kusikika. Redio ikatangaza kwamba Mtukufu amemaliza daraja la mwisho.

Perusi alitazama getini. Mtukufu akiingia sasa, mambo yote yamekwisha, na huyu mtu atakufa mzee kitandani mwake akiwa na mwavuli. Akaimwaga glasi iliyokuwepo. Akafungua chupa ya tisa, ya mwisho, iliyokuwa chini kabisa ya kikapu ambako gunia lilikuwa bichi zaidi, baridi kuliko zote. Akaimimina mpaka juu, ikafurika, ikamwagikia kidole cha Daktari kilichokuwa mezani.

Daktari alikitazama kidole. Akakipeleka mdomoni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Alishika glasi kwa mikono miwili, akainywa yote bila kupumua, akamnyang'anya Perusi chupa, akainywa nayo, mvinyo ukimtiririka kwenye mahameli. Alipomaliza alifumba macho. Uso wake ulilegea, ukawa uso wa mtu wa kawaida aliyetoka kufyatua matofali. Na kipaza sauti, ambacho kwa mujibu wa kanuni kilikuwa wazi, kikachukua sauti yake na kuipeleka uwanja mzima, na kwenye redio ya kila nyumba, na kwenye redio ya gari la Mtukufu lililokuwa linaingia getini.

"Ndimu," alisema Daktari Lubida, karibu kulia. "Mungu wangu, ndimu. Na embe bichi, na chumvi."

*

Mtukufu alishuka garini akiwa amehuzunika sana. Alitoa hotuba fupi ya dakika hamsini. Alisema amesafiri kwa wananchi wake akiwa na ladha ishirini na moja zilizoandaliwa na wataalamu, na amefika na kukuta tatu zimekwisha kuliwa. Aliuliza taifa litakuwaje endapo kila mtu atasikia anachokisikia. Bwana Mkunde, Kitabu kikiwa mkononi na mistari myekundu tayari, alisoma kifungu cha Kutangulia Ladha. Mabalozi walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Kesi ilipangwa wiki iliyofuata. Daktari alikuwa na tumaini moja. Kanuni zilimsamehe mgonjwa anayekunywa mvinyo kama dawa, hata akitaja ladha, endapo aliyekuwa karibu naye atashuhudia kwamba aliugua. Na aliyekuwa karibu naye alikuwa mmoja tu.

Alimfuata Ikombwe kwa miguu, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umeshanyang'anywa dereva. Alibisha hodi mchana. Perusi alimkaribisha, akampa kigoda na maji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Daktari alikunywa maji, akaanza kuomba. Alisema yeye ana umri mkubwa, ana shinikizo la damu, kiwandani hatamaliza mwaka. Alimwambia aseme tu kwamba alimwona anatetemeka, anapepesuka, kitu chochote.

Perusi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Unamkumbuka mtu aliyekwambia ndimu kabla yako?"

Daktari aliwaza kwa bidii. Unaweza kuona alitaka sana kukumbuka. Alikuna kidevu, akataja jina moja, akalifuta, akataja jingine.

"Walikuwa wengi, mama," alisema mwisho.

Perusi ananiambia kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajaamua. Kama angelitaja jina la Elifasi, hata kwa kulikosea, pengine angemhurumia. Akasimama, akachukua kikombe, akamfungulia mlango.

Mahakamani alisema maneno machache. "Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na kiu, akanywa, akafurahi. Nilimwona usoni. Nilimwona vizuri kabisa." Akaulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana, akarudi kukaa. Daktari alipelekwa kuosha chupa siku ile ile, akiwa bado na joho, kwa sababu hakuna kifungu kinachosema livuliwe.

Sasa utasema kwamba kisasi hakinogi, kwamba mtu akishalipiza hubaki na moyo mtupu. Mchungaji wa mtaa naye alikuja kumwambia Perusi hivyo, kwa maneno marefu. Perusi alimmiminia glasi ya mvinyo wa msimu mpya, kwani sheria haijaufuta, na sauti ya Daktari redioni imefanya watu waje Ikombwe kuutafuta kutoka miji ya mbali. Wafyatua matofali wanakunywa. Kina mama wa sokoni wanakunywa. Bado wanasema wameburudika tu, maana Kitabu kipo palepale, ila wanalisema kwa kuchekeana.

Kila Jumamosi Perusi hukusanya chupa tupu, huzipanga kikapuni, hukipandisha kichwani, na hutembea mwenyewe mpaka kwenye geti la Kiwanda cha Taifa cha Chupa. Hazisafishi kwanza. Humwambia mlinzi zipelekwe kwa Lubida, kwa jina, zisiende kwa mtu mwingine. Kisha huuliza kama mzee anaendelea vizuri, na mlinzi, ambaye si mtu mbaya, humjibu kwamba anafanya kazi, hana shida na mtu. Isipokuwa chupa za Ikombwe zinamchelewesha. Kabla ya kuitia kila moja kwenye magadi huiweka puani kwanza, mdomo wa chupa kabisa, na hukaa hivyo mpaka apigiwe kelele.

"Basi wiki ijayo nitamletea nyingi zaidi," Perusi humjibu, na hurudi nyumbani na kikapu chake.